Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa
Mada ya lishe kwa wakazi wa Mgololo



Mufindi si wilaya ya njaa. Mahindi huvunwa, viazi mviringo hupakiwa malorini, na maparachichi husafirishwa hadi nje ya nchi. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Mkoa wa Iringa unaongoza nchini kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano, ilhali wastani wa Taifa ni asilimia 30. Udumavu hauishii kwenye kimo. Huathiri pia ukuaji wa ubongo, na mtoto huyo hupata shida darasani.

Chanzo kimojawapo kimo ndani ya sahani. Ugali hushibisha, lakini peke yake haujengi mwili. Mlo kamili huwa na nafaka, viazi au ndizi, maharage, njegere au karanga, mayai, maziwa, dagaa au nyama, mboga za majani, matunda, na mafuta kidogo. Vingi kati ya hivyo vipo shambani na bandani. Kuuza mayai yote ili kununua soda na biskuti ni kubadilisha lishe kwa sukari.

Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo za kuamua. Mjamzito ale vizuri na ahudhurie kliniki mapema. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila hata maji. Kisha aanzishiwe chakula laini cha mchanganyiko huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Tumbo lake ni dogo, hivyo alishwe mara kadhaa kwa siku. Ulanzi si chakula cha mtoto.

Jukumu hili si la mama peke yake. Mama anayeshinda shambani hana muda wa kupika mara nne. Baba anapaswa kushika mtoto, kuteka maji na kutenga fedha ya maharage na dagaa kabla ya matumizi mengine.

Wazazi wote wanahimizwa kuwapeleka watoto kupimwa uzito na urefu kliniki, na kuhudhuria Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka. Mtoto aliyedumaa akichelewa kugunduliwa, kimo kilichopotea ni vigumu kukirudisha.