Wahandisi wa Nyaya na Wahandisi wa Redio: Walivyogawana Kabla ya Kuungana

Vyama viwili vya taaluma moja vikikaa mezani kuzungumzia kuungana, hoja ya kwanza huwa gharama: ofisi mbili, majarida mawili, mikutano mikuu miwili, na mwanachama yuleyule anayedaiwa ada huku na huku. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini si lazima itoshe. Mada hii inawapeleka washiriki Marekani, kwa vyama viwili vya wahandisi vilivyoungana tarehe 1 Januari 1963 na kuzaa IEEE (Institute of Electrical and Electronics Engineers). Mafundi wa mitandao wa Dar es Salaam na Nairobi wanazifahamu herufi hizo. Huzikuta kwenye boksi la ruta, mbele ya namba 802.11, ya kiwango cha Wi-Fi.

Chama kikongwe, AIEE (American Institute of Electrical Engineers), kilianzishwa New York mwaka 1884, enzi za telegrafu na taa za kwanza za umeme. Thomas Edison na Alexander Graham Bell walikuwa miongoni mwa makamu wake wa rais wa mwanzo. Kilikuwa chama cha watu wa jenereta, transfoma na nyaya za kusafirishia umeme. Waliohangaika na mawimbi ya redio hawakujiona humo, na mwaka 1912 wakapata chao, IRE (Institute of Radio Engineers). Nacho kilitokana na muungano wa vyama viwili vidogo, kimoja cha Boston na kingine cha New York. Jina lake halikutaja Marekani, na hilo lilikuwa la makusudi: mhandisi wa nchi yoyote alikaribishwa.

Kwa miaka mingi kila upande ulijua shamba lake. Kisha ikaja rada wakati wa Vita Kuu ya Pili, transista mwaka 1947, na kompyuta. Kompyuta ni mali ya nani, watu wa umeme au watu wa redio? Vyama vyote viwili viliidai. Vijana hawakusubiri jibu. Waliingia IRE kwa wingi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mdogo alikuwa amempita mkubwa. Mwaka 1962 IRE ilikuwa na wanachama karibu 96,000, AIEE karibu 57,000, na maelfu walikuwa na kadi zote mbili. Vyuoni, wanafunzi walikuwa tayari wanakutana katika matawi ya pamoja. Viongozi walichelewa kuliko wanachama wao.

Hapo ndipo penye somo la semina hii. Kwa hesabu ya vichwa, IRE ingeweza kudai kila kitu. Haikufanya hivyo. Kisheria, AIEE ndiyo iliyobaki hai: cheti chake cha usajili cha mwaka 1896 kiliendelea kutumika, na IRE ikaingia ndani yake. Lakini uongozi ulitoka upande wa pili. Rais wa kwanza wa IEEE alikuwa Ernst Weber, aliyewahi kuongoza IRE mwaka 1959. Meneja mkuu akawa Donald Fink, rais wa IRE mwaka 1958. Mfumo wa vikundi vya kitaaluma nao ulikuwa wa IRE. Tangu 1948 chama hicho kiliwaachia watu wa fani moja ndogo wajipange, wawe na mikutano na jarida lao. Mzee alirudi kwa watu wake na hati mkononi, kijana akarudi na madaraka. Pengine mgawanyo huo haukuwa wa haki kamili, ila kila upande ulikuwa na jambo la kuwaeleza wanachama wake kabla hawajapiga kura.

Hata nembo iligawanywa. Beji ya AIEE ilikuwa na umbo la kishada, kumbukumbu ya Benjamin Franklin na jaribio lake la kishada na radi. Ya IRE ilikuwa pembetatu yenye mshale wima na mwingine ukiuzunguka, alama ya mkondo wa umeme na uga wa sumaku. Beji mpya ilichukua kishada cha huku na mishale ya kule, bila herufi hata moja.

Mali ilileta kisa ambacho hakuna kamati ingekitabiri. IRE ilikuwa na makao katika jumba la kifahari la Isaac Brokaw, kona ya Fifth Avenue na East 79th Street, New York. Baada ya muungano jumba halikuhitajika tena, likauzwa. Lilipoanza kubomolewa Februari 1965 wakazi wa jiji walikuja juu, na Aprili mwaka huohuo Meya Robert Wagner akatia saini sheria ya kulinda majengo ya kihistoria. Jumba lenyewe halikupona.

Si kila mazungumzo huishia kwenye muungano. Uingereza, mwaka 2005, viongozi wa ICAEW, chama cha wahasibu kilichoanzishwa 1880, walikubaliana kuungana na CIPFA, chama cha wahasibu wa sekta ya umma. Wanachama wengi wa ICAEW waliopiga kura walisema ndiyo, ila katiba ilidai theluthi mbili, na kura zikapungua kidogo tu. Waliokataa walihofia thamani ya cheti cha taaluma walichokisotea miaka. Kwa vyama vinavyofikiria njia hii, cheti kinastahili kujadiliwa kwenye kikao cha kwanza, kabla ya ofisi, majarida na ada.