Uswisi na bei ya ndege za kivita

Alfajiri ya tarehe 17 Februari 2014, ndege ya abiria ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Roma ilitua Geneva, mji ambao haukuwemo kabisa katika safari yake. Rubani mkuu alikwenda msalani, msaidizi wake akajifungia chumba cha marubani, akaipeleka ndege Uswisi na kuomba hifadhi. Ndani mlikuwa na watu zaidi ya 200. Ndege za kivita za Italia ziliisindikiza angani, kisha zikaja za Ufaransa. Za Uswisi hazikuruka. Wakati ule jeshi la anga la Uswisi lilifuata saa za ofisi, na kabla ya saa 2 asubuhi hapakuwa na rubani wa zamu.

Dunia ilikicheka kisa kile. Lakini abiria wale wangeweza kuwa ndugu zetu, na nchi iliyoshindwa kuwapokea angani si maskini. Kilichokosekana ni makubaliano ya wananchi juu ya jeshi la anga wanalolitaka na kiasi walicho tayari kulilipia.

Nchi yenyewe ni ndogo. Eneo lake linakaribiana na la Mkoa wa Dodoma, watu wake ni milioni 9 hivi, haina bahari, haimo NATO, na kwa zaidi ya miaka 200 imeshikilia kutoegemea upande wowote vitani. Ndege ya kivita huivuka kutoka mashariki hadi magharibi kwa dakika chache. Je, inazihitaji ndege hizo? Na kama inazihitaji, zipi, na ngapi? Waswisi wamekuwa wakiyauliza maswali haya hadharani, bungeni na katika sanduku la kura, na ndiyo maana nimeona yafaa tuyazungumze leo.

Tuanze na mwaka 1961. Bunge la Uswisi liliidhinisha faranga milioni 871 za kununua ndege 100 aina ya Mirage III, zenye asili ya Ufaransa. Wanajeshi hawakuridhika na Mirage kama Wafaransa walivyoiunda. Walitaka iwekewe rada na mitambo ya kielektroniki ya Kimarekani, na mengine mengi yabadilishwe. Kila badiliko lilikuja na gharama yake, na mwaka 1964 serikali ilirudi bungeni kuomba milioni 576 zaidi. Wabunge hawakuzitoa kimyakimya. Waliunda kamati ya uchunguzi ya bunge, ya kwanza katika historia ya taifa hilo, chini ya mbunge Kurt Furgler. Kamati ikabaini kwamba bunge lilikuwa limeonyeshwa picha isiyo ya kweli. Ndege zikapunguzwa kutoka 100 hadi 57. Mkuu wa jeshi la anga akaondolewa, mnadhimu mkuu akajiuzulu, na Paul Chaudet, waziri aliyeisimamia wizara, akaachia kiti mwaka 1966.

Tangu hapo hakuna ununuzi wa ndege uliopita kirahisi. Mwaka 1992, wapinzani wa ndege za F/A-18 walikusanya saini zaidi ya 180,000 kwa muda mfupi na kulazimisha kura. Kura ilipopigwa mwaka 1993 wakashindwa, ndege 34 zikanunuliwa. Mei 2014 zamu ikawa ya Gripen ya Sweden: ndege 22 kwa faranga bilioni 3.1. Kumbuka kwamba kisa cha Geneva kilikuwa na miezi mitatu tu. Ungedhani aibu ile ingewasukuma kukubali. Asilimia 53.4 walisema hapana, na serikali ikatii.

Ikabidi serikali ijifunze kuuliza upya. Septemba 2020 ilirudi kwa wananchi bila kutaja aina ya ndege. Iliomba kitu kimoja: ruhusa ya kutumia hadi faranga bilioni 6. Watu zaidi ya milioni 3 walipiga kura, na ndiyo ikashinda kwa asilimia 50.1, tofauti ya kura zisizofika 9,000 nchi nzima.

Naliona swali lile kuwa la haki, ingawa halikutosha. Mwalimu wa shule au mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hawezi kupima ubora wa rada, lakini anajua ni kiasi gani anakubali kitoke katika kodi yake. Hapo aliheshimiwa. Ila ndege ya kivita ya leo huwezi kuinunua, ukaipeleka nyumbani na kuagana na aliyekuuzia. Programu zake huboreshwa na mtengenezaji, vipuri vyake hutoka kwake, na silaha zake hupatikana kwa kibali cha serikali yake. Anayechagua ndege anachagua taifa atakaloliegemea kwa miaka 30 au zaidi, na juu ya hilo Mswisi hakuulizwa.

Jibu alilipata tarehe 30 Juni 2021. Viola Amherd, waziri wa ulinzi, alitangaza kwamba nchi itachukua ndege 36 aina ya F-35A za kampuni ya Lockheed Martin ya Marekani. Zilizoshindwa ni Rafale ya Ufaransa, Eurofighter ya mataifa manne ya Ulaya, na Super Hornet, nayo ya Marekani. Serikali ilieleza kwamba F-35 ilipata alama za juu kuliko zote na bado ilikuwa rahisi zaidi: ukijumlisha ununuzi na uendeshaji kwa miaka 30, ingegharimu faranga bilioni 15.5 hivi, bilioni 2 pungufu ya iliyofuata.

Wapinzani hawakukaa. Walikusanya saini zaidi ya 100,000, idadi ambayo katiba inaitaka ili jambo lipelekwe kwa kura, wakaziwasilisha Agosti 2022. Mwezi uliofuata serikali ikatia saini mkataba na Marekani, kabla wananchi hawajapiga kura hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba muda wa bei iliyotolewa ungekwisha. Kampeni ikafa, kwani ungepiga kura dhidi ya mkataba uliokwisha sainiwa? Hapo serikali ilikosea, na nasema hivi nikijua kwamba kisheria ilikuwa na mamlaka hayo. Nchi iliyowazoesha watu wake kuulizwa haifai kuwakimbia saini zikiwa mezani.

Uharaka huo ulitetewa kwa kuilinda bei. Mara nyingi wananchi walihakikishiwa kwamba bei ya ndege 36 haitapanda. Mwaka huohuo wa 2022, ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ilionya kwamba haikuona uhakika wa kisheria wa bei isiyobadilika. Wizara ilikataa hoja hiyo na kusisitiza kwamba mambo yako sawa.

Ili uielewe hofu ya wakaguzi, lazima ujue biashara hii inavyokwenda. Uswisi haikununua kutoka Lockheed Martin moja kwa moja. Serikali ya Marekani ndiyo inayozungumza na kampuni, kundi kwa kundi la ndege, kisha inamwuzia mteja wake wa nje bila kutafuta faida wala kukubali hasara. Kampuni ikipandisha bei kwa sababu vyuma na mishahara vimepanda, Marekani inampelekea mteja tofauti hiyo. Kwa utaratibu wa namna hiyo, maneno "bei isiyobadilika" yalihitaji kuandikwa kwa namna ambayo pande zote mbili zingeyasoma sawasawa.

Hazikuyasoma sawasawa. Juni 2025 serikali ya Uswisi ilikiri hadharani kwamba Marekani inaiona ahadi ile kuwa kutoelewana tu, na kwamba gharama ya ziada inaweza kufika kati ya faranga milioni 650 na bilioni 1.3. Wakati huo Amherd alikuwa ameshaondoka, mzigo ukamwangukia mrithi wake, Martin Pfister. Agosti, Washington ikaziwekea bidhaa za Uswisi ushuru wa asilimia 39. Ushuru huo baadaye ulishushwa, lakini Waswisi walikuwa wameshaona jinsi muuzaji wa ndege zao anavyoweza kuwabana.

Desemba 2025 serikali iliamua kutopita bilioni 6 zilizopigiwa kura, na kuchukua idadi ya ndege ambayo fedha hizo zinatosha. Maana yake ni chini ya 36. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote. Ukomo ule uliwekwa na watu, na aliyeahidi kwamba ndege 36 zitaenea ndani yake ndiye anayepaswa kueleza kwa nini hazikuenea.

Wapo wanaotaka mkataba uvunjwe wote. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. F/A-18 za Uswisi, ambazo tangu mwisho wa 2020 zinalinda anga usiku na mchana, zimekwisha kuongezewa muda kutoka saa 5,000 za kuruka hadi 6,000 kila moja, na zinatarajiwa kustaafu mwanzoni mwa muongo ujao. Kuanza tena mashindano, majaribio na pengine kura nyingine kunaweza kula miaka iliyobaki. Wanachoweza kudai Waswisi leo, na wanapaswa kukidai bungeni, ni uchunguzi wenye nguvu kama ule wa 1964: nani aliusoma mkataba, alishauriwa nini, na kwa nini onyo la wakaguzi lilipuuzwa.