Bastola Yenye Kitako: Somo la Kusoma Namba

Fungueni madaftari yenu, maana leo tutasoma namba. Si namba za dukani wala za posta. Ni namba zilizopigwa juu ya bastola za kale, ambazo watu wa Ulaya na Marekani huzikusanya kama wengine wakusanyavyo stempu za barua.

Bastola ni silaha fupi ya mkono mmoja. Ubaya wake ni kwamba mkono hutikisika, na shabaha ya mbali hupotea. Kwa hiyo mafundi wa zamani walitengeneza kitako cha mti. Kitako hicho huchomekwa nyuma ya mpini, na mpigaji hukiegemeza begani kama kitako cha bunduki. Akimaliza, hukichomoa.

Iliyo mashuhuri ni Mauser C96. Ilianza kutengenezwa mwaka 1896 katika mji wa Oberndorf, Ujerumani, ikaendelea mpaka mwaka 1937. Mpini wake ni wa mviringo kama mti wa fagio. Kitako chake kina uwazi ndani, na bastola hulala humo kama kisu katika ala. Kitu kimoja, kazi mbili! Bwana Winston Churchill alichukua bastola ya aina hii vitani Omdurman, Sudan, mwaka 1898, kwa sababu bega lake lilikuwa bovu na upanga ulimsumbua.

Bastola za kwanza zilipiga risasi za milimita 7.63. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ujerumani likataka nyingine za risasi za milimita 9. Je, askari akichanganya risasi? Basi mafundi walichonga tarakimu 9 kubwa katika mti wa mpini, wakaitia rangi nyekundu. Mpaka leo wakusanyaji huzitafuta sana hizo zenye 9 nyekundu.

Sasa tuseme mtu yuko mnadani huko Marekani. Mbele yake pana bastola na kitako. Vyote ni vya kale, vyote vinapendeza. Lakini yeye hatazami uzuri. Anasoma namba ya bastola, kisha anageuza kitako na kusoma namba iliyopigwa kwenye chuma chake. Zikilingana, vitu hivyo vilitoka kiwandani pamoja, na bei hupanda sana. Zisipolingana, kitako ni cha bastola nyingine. Wako pia walaghai wanaopiga namba upya. Kwa hiyo mnunuzi hutazama kama namba imechakaa pamoja na chuma chake, au ncha zake bado ni kali.

Tena iko sheria. Huko Marekani, tangu mwaka 1934, bastola iliyotiwa kitako huhesabiwa kuwa bunduki fupi, nayo lazima iandikishwe serikalini. Anayevunja sheria hiyo aweza kufungwa hadi miaka 10. Baadaye baadhi ya bastola za kale, zikiwa na vitako vyake vya asili, zilitolewa katika sheria hiyo. Basi kitako kisicho chake chaweza kumpotezea mtu fedha, na pengine kumfikisha mahakamani.

Haya, jaribuni. Bastola ina namba 214376. Kitako kina namba 214367. Someni polepole, tarakimu moja moja, kutoka kushoto. Je, ungenunua? Andika jibu lako, nasi tutalisahihisha katika kipindi kijacho. Kwaherini.