Valvu ipi, mama?

Mama wa miaka 28, ananyonyesha, anahema akipanda ngazi tatu tu. Daktari anasema huenda valvu ya moyo ikabadilishwa. Ipi sasa? Ya kimakanika hudumu miaka mingi, ila warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ataimeza maisha yote, na dawa hiyo yaweza kudhuru mimba changa. Ya tishu ya ng'ombe au nguruwe humwepusha na hilo, lakini kwa kijana huchakaa mapema. Huenda akapasuliwa tena mtoto akiwa sekondari.

Kwa wengi Afrika Mashariki, chanzo cha valvu kuharibika ni koo lililouma utotoni bila kutibiwa, ikafuata homa ya baridi yabisi. Na penisilini ni rahisi, jamani!

Daktari anayeanza kwa kuuliza, “Unataka mtoto mwingine?” anaijua kazi yake. Baba naye aingie, asikie mwenyewe.