KUWINDA KWA MPANGO, SI KWA KUBAHATISHA

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa ziwani siku ile.)



Mlitutuma watu watano tuchunguze jambo moja: je, ushirika wetu unaweza kwenda kuwinda swala wenyewe, bila kukodi mtu, ili tupate kitoweo cha siku ya kufungua ghala? Tumechunguza. Leo tunatoa taarifa, na tunaomba msikilize mpaka mwisho kabla ya kupiga makofi au kuguna.

Tuanze na aibu yetu. Wote tunakumbuka habari ya wenzetu watatu mwaka juzi. Walisikia kuna pongo huko juu, wakaazima bunduki, wakabeba unga na chumvi, wakaenda. Leseni hawakuwa nayo. Walipata pongo mmoja, nyama ikagawanywa usiku usiku. Siku ya tatu walikamatwa. Mmoja wao mpaka leo anahudhuria kesi, na mtumbwi wake ameuza kulipa nauli. Pongo mmoja, mtumbwi mmoja! Hebu jiulizeni nani alimla mwenzake.

Kwa hiyo jamani, hatukuja kuwakataza. Tumekuja kusema kwamba kazi kubwa ya uwindaji hufanywa kabla ya kuondoka nyumbani.

1. MNYAMA NI WA NANI?

Wengi wetu husema, "Pori ni la kijiji, basi na mnyama ni wetu." Sivyo. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Lakini wanyamapori wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, nayo ni Namba 5, ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema wanyama wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Pongo akilala kwenye muhogo wako, muhogo ni wako, pongo ni wa Watanzania wote.

Na mambo haya ya kibali hayakuanza jana. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuzuia watu kuwinda bila kibali. Wazee, jina hilo mnalijua. Meli iliyobeba jina lake ndiyo ile iliyoshambuliwa na Gwendolen ya Waingereza hapa hapa Liuli, mwezi Agosti 1914, wakati Wajerumani wakipaita Sphinxhafen. Baada ya Uhuru, mwaka 1973 Serikali yetu yenyewe ilipiga marufuku uwindaji, ikaufungua tena mwaka 1978. Tofauti ni hii: amri ya Wissmann ilikuwa ya mkoloni, na sheria ya leo ni yetu. Ikitubana tunaweza kuisemea kwenye vikao, lakini kuivunja porini usiku hakuibadilishi.

2. SAFARI YA KWANZA NI MBAMBA BAY

Safari ya kwanza si ya porini. Ni ya kwenda wilayani Mbamba Bay, kwa Afisa Wanyamapori. Hapo tutauliza maswali manne, na majibu yaandikwe:

(a) Je, msimu umefunguliwa, na mgao wa wenyeji upo mwaka huu?
(b) Tunaruhusiwa eneo gani, na mpaka wake unapita wapi?
(c) Mnyama gani, wangapi, na ada yake ni kiasi gani?
(d) Askari gani atatuongoza au kutukagua?

Jibu la swali la kwanza likiwa "hapana", tunarudi nyumbani, mambo yamekwisha. Swali la pili nalo lisipuuzwe. Kusini kwetu, kuelekea mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, kuna Pori la Akiba la Liparamba. Leseni ya eneo la wazi haikupi ruhusa ya kuingia humo hata hatua moja. Mnyama aliyejeruhiwa akivuka mpaka, tunasimama na kutoa taarifa. Hatumfuati.

Leseni ni ya aliyeandikwa jina. Bunduki nayo ni ya mwenye kibali chake. Habari ya "niazime tu mpaka kesho" ndiyo iliyowaponza wale wenzetu. Sumu, mashimo, mitego ya waya, kumulika taa usiku, vyote hivyo ni marufuku. Mtego wa waya tunauchukia pia kwa sababu haujui dume wala jike, wala mbuzi wa jirani.

3. HESABU YA NYAMA NA MABEGA

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anaota palahala dume. Haya, palahala dume huweza kufika kilo 220 au zaidi. Ukimchuna na kutoa matumbo, hesabu kama nusu yake, yaani kilo 110. Nani ataibeba kutoka porini mpaka barabarani? Watu wanane, kila mmoja kilo 14, na bado kuna maji, sufuria na bunduki. Pongo dume ni kilo 40 mpaka 80, watu watatu wanamtosha. Nsya ni kilo 20 hivi, hatoshi hata kamati.

Kiangazi kinasaidia: nyasi zimelala, maji yamebaki mahali pachache, nyayo zinaonekana. Lakini jua lile lile linaoza nyama. Mnyama akianguka, matumbo yatolewe papo hapo, nyama itundikwe kivulini ipate upepo, isilundikwe kwenye gunia. Itakayolala ipakwe chumvi au ikaushwe kwa moshi, kama mama zetu wanavyofanya na mbasa. Kabla ya kuliwa, mtaalamu wa mifugo aikague. Na mzoga tunaoukuta umekufa wenyewe hatuugusi hata kama unaonekana mnono. Kimeta huua watu.

4. TUKIWA PORINI

Tunaelekea dhidi ya upepo. Mfuko mdogo wa majivu unatosha kuuonyesha. Mpiga risasi ni mmoja, na anapiga anachokiona chote, si kichaka kinachotikisika. Porini kuna warina asali na akina mama wa kuni, na risasi haina macho. Jike mwenye mtoto anaachwa.

Mnyama akipigwa, tusimkimbilie. Tukae nusu saa. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, hayuko mbali. Damu nyeusi yenye majani ni ya tumbo. Hapo subira iwe ya saa kadhaa, maana ukimfukuza ataenda mbali akafie asikoonekana. Kumwacha mnyama ateseke ni dhambi, na ni hasara ya umma.

Moto tunauzima kwa maji, si kwa mguu. Mbung'o wapo, tuvae nguo ndefu. Na kijijini libaki karatasi yenye majina yetu, njia yetu na siku ya kurudi.

5. USHAURI WETU

Ndugu wanachama, tumekaa watano tukabishana usiku mzima. Tumekubaliana hivi. Ada ya leseni, nauli, risasi, chakula cha safari na siku za kazi tutakazopoteza, vyote vijumlishwe kwenye karatasi moja. Karatasi ya pili iwe na bei ya mbuzi wanne. Zikisomwa mbele yenu, mtapima wenyewe. Sisi tunadhani mbuzi watashinda mwaka huu. Mmoja wetu hakubali. Anasema vijana wasipofundishwa kuwinda kwa halali watajifunza kwa haramu. Neno lake ni zito, nasi tumeliandika.

Tukiamua kwenda, nyama ni ya kula, si ya kuuza. Kuuza kunataka kibali kingine. Mgao uwe wazi: wajane na wagonjwa kwanza, wageni wa ghala pili, wawindaji mwisho. Mwindaji akianza kujigawia, ushirika umekufa.

Tukiamua kutokwenda, isiwe sababu ya mtu kwenda kivyake usiku. Yule mwenzetu tumechangie nauli ya kesi. Alikosea, lakini ni wetu. Kopo la mchango liko kwa mtunza fedha.

Kura itapigwa mkutano ujao. Kila mwanachama kura moja, mwenye bunduki na asiye nayo. Tafadhali msije kupiga kura kwa njaa, njooni mmekula.



Kamati ya watu watano, Liuli