CHAKULA CHA MTOTO WA SHULE HUPANGWA JIONI

(Hotuba ya mwanachama mmoja, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi, Changamwe)



Kamati iliponitaka niseme juu ya chakula ambacho watoto wetu huchukua shuleni, baadhi ya wenzangu walicheka. Walisema, "Hayo ni mambo ya jikoni, kazi ya chama ni mishahara." Mimi nawauliza: mshahara twautakia nini? Wazee wetu wa Mombasa waligoma Januari 1947, watu wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli na wa kazi nyingine nyingi. Jambo lililowasukuma ni mshahara usiotosha chakula wala kodi ya nyumba. Basi sufuria imo katika mambo ya chama tangu zamani.

Sikuja hapa kama mwalimu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na mengine nimefundishwa na kazi. Nimekuja kwa sababu nilifanya kosa, nami nataka kosa hilo liwafae ninyi bila ya kuwagharimu kama lilivyonigharimu mimi.

Siku hiyo nilitoka zamu ya usiku. Zamu yenyewe niliijua jioni ile ile ilipobandikwa orodha, kwa hiyo nyumbani hakuna lililopangwa. Bibi yangu alikwisha kutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini kwake. Katika sufuria mlikuwa na wali wa nazi na maharagwe, vilivyobaki tangu magharibi. Friji hatuna. Nikavipasha moto sawasawa mpaka vikatoa moshi, nikavitia katika mkebe wa plastiki, nikafunga kifuniko vingali moto. Nikamkabidhi binti yangu wa darasa la nne, nikajiona baba hodari. Kisha nikazima simu, nikalala.

Saa tisa mchana jirani aligonga mlango, amemshika binti yangu mkono. Mtoto alikuwa akitapika tangu saa nane. Mwalimu alikuwa amenipigia simu mara nyingi bila ya kujibiwa, mpaka akampata jirani. Tulimpeleka zahanati, akanyweshwa maji ya chumvi na sukari, na kwa rehema ya Mungu kesho yake alikuwa akicheza. Lakini usiku ule aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Baba, niliuonja nikaona umechacha kidogo, lakini niliula kwa kuwa umenipakia wewe."

Ndugu zangu, mtoto hula kwa kutuamini. Ndiyo sababu nikataka kujua kosa langu lilikuwa wapi, maana moto niliutia wa kutosha.

Yule tabibu wa zahanati alinieleza hivi. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hukaa katika mchele wala hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa katika joto, vijidudu hivyo huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto namna gani. Na nazi, kama kila mtu wa pwani ajuavyo, huchacha upesi. Mimi nilipasha moto sumu iliyokwisha kufanyika usiku. Tena kwa kufunga mkebe vingali moto, niliupa wali fuko la mvuke wa kukaa ndani yake asubuhi nzima.

Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mafunzo yake ya mwaka 2001 juu ya usalama wa chakula, linasema chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Sasa tuhesabu sisi wenyewe. Mtoto hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na hula saa saba mchana. Hizo ni saa 7, tena katika joto la Mombasa! Kwa hiyo swali la kwanza la kila asubuhi ni hili: chakula hiki kitaweza kufika saa saba kikiwa kizima?

Nimeona njia mbili. Ya kwanza ni chupa ya chakula inayohifadhi moto, kama ile ya chai lakini yenye mdomo mpana. Kwanza itiwe maji yanayochemka, ikae kidogo, maji yamwagwe, kisha kitiwe chakula kilichopikwa asubuhi ile, kikiwa moto kabisa. Kikifika saa saba kisiwe vuguvugu, kiwe moto. Njia ya pili, kwa asiye na chupa hiyo, ni vyakula vikavu na matunda yenye maganda yake. Wali wa jana, mchuzi na vitu vya nazi vibaki nyumbani. Mbaazi za nazi na mahamri ni chakula kizuri mno, lakini mtoto ale asubuhi kabla ya kutoka.

Sasa nitawapa orodha ya nyumbani kwangu, kila mtu aigeuze kwa kadiri ya mfuko wake:

Jumatatu: viazi vitamu vya kuchemsha, njugu za kukaanga, chungwa.

Jumanne: chapati na ndizi, pamoja na yai lililochemshwa asubuhi ile mpaka likakauka ndani. Yai liende na ganda lake lisilopasuka, na liliwe mapumziko ya saa nne, lisingoje saa saba.

Jumatano: muhogo ulioiva sawasawa, dagaa waliokaangwa mpaka wakakauka, na chungwa au embe.

Alhamisi: kwa mwenye chupa ya moto, pojo au maharagwe yasiyo na nazi pamoja na wali wa alfajiri hiyo. Asiye nayo, chapati na njugu.

Ijumaa: boflo lililopakwa siagi ya njugu, na tunda lolote la msimu.

Kila siku, chupa ya maji. Sisi tunaonunua maji ya mkokoteni tuyachemshe jioni yapoe usiku.

Mtaona kila siku mna kitu cha kutia nguvu, kitu cha kujenga mwili, na tunda. Tunda si pambo. Sisi wa reli twajua chuma, lakini mwili nao wataka chuma chake ili upate damu. Madini hayo yamo katika maharagwe, pojo na mchicha, lakini mwili huyachukua kwa shida. Chungwa au ndimu huusaidia mwili kuyachukua, chai huuzuia. Kwa hiyo tusimpe mtoto chai pamoja na maharagwe; ale chungwa.

Wengine watasema, "Haya yote saa kumi na moja alfajiri? Nani ana nafasi?" Ni kweli. Mtu wa Likoni awaza feri, mtu wa Kisauni awaza msongamano wa daraja la Nyali, na sisi wa Changamwe twashindana na malori ya bandarini mpaka Makupa. Asubuhi hatuna nafasi, wala hatutaipata.

Lakini ndugu zangu wa reli, tangu lini treni ikapangwa saa ya kuondoka? Mabehewa hupangwa mapema, breki hukaguliwa, karatasi huandikwa. Saa ikifika ni kupuliza filimbi tu. Na chakula cha mtoto ni hivyo hivyo. Jioni viazi na muhogo vimenywe na kulowekwa, unga wa chapati ukandwe, maharagwe yarowekwe, njugu zikaangwe za wiki nzima, matunda yaoshwe. Mtoto mwenyewe aoshe mkebe wake na kuuanika wazi, maana uchafu hujificha katika mkunjo wa kifuniko. Asubuhi hubaki kuchemsha, kukaanga na kupakia. Chakula kipoe kidogo kabla ya kufunika mkebe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Na hapa nasema na wanaume wenzangu. Yule atokaye zamu ya usiku hufika nyumbani wakati ule ule mtoto anapotoka. Hawezi kusema hana mikono. Mimi tangu siku ile hupika chapati, na wala ndevu zangu hazijapungua.

Juu ya fedha, nitasema maneno machache. Nilikuwa nikimpa kila mtoto shilingi 50 anunue chakula langoni. Watoto 3, siku 5 kwa wiki, hiyo ni shilingi 750. Kwa wiki 4 ni 3,000. Nao walinunua nini? Barafu, vikaango vya mafuta yaliyotumiwa mara nyingi, na peremende. Siwalaumu akina mama wauzao langoni; wao nao watafuta riziki kama sisi. Ni afadhali katika mikutano ya wazazi tuwaombe walete machungwa, ndizi na muhogo wa kuchemsha, tuwaahidi kununua, kuliko kutaka wafukuzwe.

Wakubwa wetu hapa wanayakumbuka maziwa ya bure ya shule yaliyoanza 1979 wakati wa Rais Moi, ambayo baadaye yalikatika. Msaada wa namna hiyo ukija tuupokee na kuushukuru. Lakini mtoto hawezi kuambiwa angoje mpango. Tumbo lake halisomi barua.

Bwana Mwenyekiti, naiomba kamati mambo mawili. Kwanza, katika mazungumzo yajayo na wakubwa wa kazi, tudai orodha ya zamu ibandikwe angalau siku 7 mapema. Baba ajuaye zamu yake Jumatatu ataweza kumpangia mtoto chakula cha Alhamisi. Ajuaye jioni ile ile atapasha moto kiporo, kama mimi. Pili, tawi liandikishe nyumba zilizo jirani, nne nne, ili wenye zamu ngumu wapokezane kupika, na kila nyumba iwe na namba ya simu ya mwenzake. Siku ile jirani yangu aliitika simu ambayo mimi sikuiitika. Bila yeye mtoto wangu angalikaa kivulini akitapika mpaka jioni.

Umoja tunaousema mikutanoni, na uonekane pia katika mikebe ya watoto wetu. Nimekwisha.