Walimu Wanafundishana Simuni

Januari 2023, gredi ya saba ilipoanza katika sekondari msingi, walimu wengi wa kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya walijikuta wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea chuoni. Pengo hilo wanaendelea kulijaza wenyewe, kwa simu.

Mwalimu wa Mutomo akitaka kuonyesha jinsi ya kuchuja maji, humwuliza mwenzake wa Kibwezi kwenye kundi la WhatsApp. Jioni picha inaingia: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, pamba, makaa yaliyopondwa, mchanga na changarawe. Kesho yake wanafunzi wanachuja maji wenyewe.

Hayo ni mafunzo ya kweli, ingawa hayana cheti. Lakini bando hutoka mfukoni mwa mwalimu, na kosa nalo husambaa upesi pasipo wa kulisahihisha. Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, iyahesabu mafunzo haya inapopima kazi ya mwalimu. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, iweke wataalamu katika makundi hayo. Na serikali ifikishe intaneti hadi shule za mashinani, si miji ya Wote na Kitui pekee. Anayefaidika ni mtoto wa umma; gharama nayo iwe ya umma.